Eyren: Kufa na Kusalia kwa Neno la Lahaja

Ni maneno machache ya lahaja za Kiingereza ambayo kufifia kwake kulishuhudiwa na kuandikwa na mtu wa zama zile zile. Eyren, lililomaanisha mayai kusini mwa Uingereza, ni mojawapo. Katika utangulizi wa Eneydos, tafsiri yake ya mwaka 1490 kutoka Kifaransa, William Caxton anasimulia habari za wafanyabiashara waliokuwa wakitoka mto Thames kwenda Zeeland. Walipokosa upepo walisimama kwenye rasi ya Foreland, wakashuka pwani kutafuta chakula. Mmoja wao, Sheffield, alimwomba mama mwenye nyumba egges. Mama akajibu kwamba hajui Kifaransa. Sheffield akaghadhibika, kwani naye hakukijua. Mwenzake alipotaja eyren, ndipo mama alipoelewa.

Kisa hiki hurudiwa mara nyingi kama kichekesho tu. Hata hivyo, uzito wake unadhihirika asili ya maneno hayo inapochunguzwa. Yote mawili yanatokana na mzizi mmoja wa lugha mame ya Kijerumaniki. Katika Kiingereza cha Kale umoja ulikuwa ǣg, konsonanti yake ya mwisho ikitamkwa kama y, na wingi ulikuwa ǣgru. Alama hiyo ya wingi ilipopoteza nguvu, wasemaji wa Kiingereza cha Kati waliongeza -en, wakapata wingi maradufu, kama children ilivyotokana na cildru. Egg, kwa upande wake, ni neno la Kinorsi, urithi wa Waskandinavia waliolowea kaskazini na mashariki tangu karne ya 9. Kwa hiyo mama hakukosea kabisa: alitambua ugeni wa neno, ila aliupa jina lisilo lake.

Ni rahisi kudai kwamba matbaa ndiyo iliyoliua eyren. Utangulizi wenyewe hauungi mkono dai hilo. Caxton, mzaliwa wa Kent aliyeanzisha uchapaji Westminster mwaka 1476, anauliza mtu aandike lipi kati ya hayo mawili, wala hatoi hukumu. Matbaa haikuzua ushindani huo. Iliukuta, ikaufanya udai uamuzi. Hatimaye neno lenye asili ya kigeni lilishinda na la wenyeji likatoweka. Hoja kwamba usanifishaji huhifadhi usafi wa lugha haina mashiko hapa.

Lakini umoja wake, ey, uliacha kisalia. Kwa maoni ya wanaleksikografia wengi, cokeney ni muungano wa coken, yaani “-a majogoo”, na ey. “Yai la jogoo” lilikuwa yai dogo lenye kasoro. Kisha likawa mtoto aliyedekezwa na mtu legelege, maana ambayo Chaucer anaiweka kinywani mwa mwanafunzi wa kaskazini katika The Reeve's Tale. Baadaye lilimtaja mtu wa mjini, hatimaye mzaliwa wa London: cockney. Mwaka 1617 John Minsheu alilifafanua kwa hekaya ya mtoto wa mjini ambaye, baada ya kuambiwa jina la mlio wa farasi, alimsikia jogoo akauliza kama naye analia hivyo. Hekaya hiyo si etimolojia, bali ni ushahidi: mwanakamusi hakulisikia tena yai lililomo ndani ya neno.