Kumbikumbi na Mazoea ya Chakula

Watu wengi hudhani kwamba ulimi ndio uamuao kipi ni chakula na kipi sicho. Lakini tukichunguza historia, twaona kwamba ulimi hufuata mazoea, nayo mazoea yana asili yake. Miji ya Thika na Ruiru yatuonyesha jambo hili waziwazi.

Hapo kale wenyeji wa sehemu hizo, Wakikuyu, walikula wimbi, mtama, viazi, njahi, na nyama ya mifugo yao. Samaki hawakuwala, ingawa mito ya Chania na Thika ilipita karibu nao; wala hawakuwa na desturi kubwa ya kula wadudu.

Upande wa magharibi, penye Ziwa Victoria, mambo yalikuwa mengine. Mvua inyeshapo, kumbikumbi hutoka vichuguuni kwa maelfu. Wajaluo huwaita ngwen. Watu huwanasa, huwakaanga au kuwaanika juani, na kuwala kwa ugali. Ng'ambo ya ziwa, Bukoba na Buganda, senene ni chakula cha heshima. Hata hivyo, uko ukoo mmoja wa Baganda usiokula senene kamwe, kwa kuwa ndiye mwiko wa ukoo huo. Basi mtu aweza kukataa chakula kwa heshima, si kwa kinyaa tu.

Mwaka 1913 reli kutoka Nairobi ilifika Thika. Mashamba ya kahawa na katani yakaenea, baadaye viwanda vikajengwa, na kazi ikawavuta watu wa kila upande, hata wa magharibi. Wageni hao walikuja na lugha zao na mapishi yao. Ndipo jirani alipomwona jirani yake akila kitu ambacho kwake yeye kilikuwa mdudu tu. Dhihaka ya namna hiyo ina hasara kubwa. Mtoto achekwaye kwa chakula cha kwao huona haya kukila mbele ya watu, na hatimaye husahau ujuzi wa wazee wake: kichuguu gani kina kumbikumbi, hutoka saa ngapi, na huhifadhiwaje.

Je, mazoea hubadilika? Samaki ni ushahidi. Siku hizi huuzwa na kuliwa Thika na Ruiru, na tangu mwaka 2009 serikali ilisaidia kuchimba mabwawa ya samaki sehemu nyingi za nchi, hata katika nchi ya Wakikuyu.

Huko Juja, katikati ya miji hii miwili, kipo Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Mwaka 2009 wataalamu wake walitoa habari za skonzi zilizookwa kwa unga wa ngano uliochanganywa na kumbikumbi wa eneo la ziwa. Kumbikumbi wana protini, mafuta, chuma na zinki. Tena katika skonzi mlaji haoni mabawa wala miguu. Na mara nyingi macho hukataa kabla ya ulimi kuonja.

Hadhari nayo ni lazima. Nzige walioingia Kenya mwishoni mwa mwaka 2019 walinyunyiziwa sumu, na mdudu wa namna hiyo hafai kuliwa.

Hapana alazimishwaye kula kumbikumbi. Lakini kabla mwanafunzi hajasema, "Hiki si chakula," yampasa aulize ni nani aliyemfundisha hivyo, na tangu lini.