Mwanachuo Mwalimu wa Mwenzake: Historia ya Diskasheni Shinyanga na Geita

Kufundishana kwa wanachuo ni utaratibu ambao mwanafunzi aliyekwisha kulielewa somo, au aliyelisoma mwaka uliotangulia, humwelekeza mwenzake nje ya kipindi cha mkufunzi. Kwa wanachuo wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita jambo hilo huitwa diskasheni, na anayeongoza ndiye "anayeshusha pindi". Kwa kawaida halipwi. Mizizi ya kufundishana katika eneo hili imetangulia vyuo vingi vilivyopo leo.

Kwingineko duniani utaratibu huu ulipewa muundo mapema. Andrew Bell aliutumia kwa watoto yatima huko Madras, India, akaandika habari zake mwaka 1797. Joseph Lancaster alifungua shule yake London mwaka uliofuata, naye akautumia utaratibu kama huo. Kwa vyuo vikuu, hatua kubwa ilipigwa mwaka 1973 na Deanna Martin wa Chuo Kikuu cha Missouri, Kansas City, Marekani. Yeye alilenga masomo magumu badala ya wanafunzi dhaifu, ili asiwepo wa kuona aibu kuhudhuria.

Kanda ya Ziwa ilikuwa na jaribio lake. Kati ya 1968 na 1972, Serikali ya Tanzania pamoja na UNESCO ziliendesha mradi wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi. Geita wakati huo ilikuwa wilaya ya Mwanza. Walimu wengi wa kisomo hawakusomea ualimu: walikuwa wanakijiji waliojua kusoma, wakiwemo vijana waliomaliza darasa la saba, na waliowafundisha ni jirani na jamaa zao. Vitabu vilizungumzia pamba, migomba na uvuvi, yaani kazi ambazo mwanafunzi alizifahamu pengine kuliko mwalimu wake. Hilo ndilo lililoupa mradi nguvu. Kitaifa, wasiojua kusoma na kuandika walipungua kutoka takriban theluthi mbili ya watu wazima mwaka 1967 hadi asilimia 39 mwaka 1975.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilisogeza mbele kazi hiyo. Ili kila mtoto apate nafasi shuleni ifikapo 1977, makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba waliandaliwa kuwa walimu wakiwa vijijini: sehemu ya siku walifundisha madarasa ya chini, sehemu nyingine walisoma wao wenyewe kwa vikundi, kwa msaada wa redio na masomo kwa njia ya posta. Walimu hao wa UPE (Elimu ya Msingi kwa Wote) walibezwa sana, na bila haki. Walibeba shule nchi nzima huku wakisoma kwa kutegemeana.

Katika vyuo vya ualimu, kikiwemo cha Shinyanga ambacho wengi hukiita Shycom, kufundishana ni sehemu ya mafunzo yenyewe. Mwanachuo huingia na andalio la somo na zana alizotengeneza kwa maboksi na vizibo vya soda. Wenzake hukaa kama watoto wa darasa la tano. Hakosekani anayenyoosha kidole na kuuliza kitoto, kwa makusudi: kwa nini moja ukiigawa kwa nusu unapata mbili? Somo likiisha, wenzake humweleza walichokiona: mwandiko umepanda juu ubaoni, maswali umewapa wa mbele tu.

Baada ya 2004, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulieneza shule za kata, nyingi zikiwa na upungufu mkubwa wa walimu wa hisabati na sayansi. Waliopita huko walizoea kuelekezana tangu kidato cha kwanza, na mazoea hayo wakaenda nayo chuoni.

Kampasi ya Kizumbi ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, mjini Shinyanga, ni mahali pazuri pa kuelewa kwa nini diskasheni inahitajika. Mhadhara ni wa Kiingereza. Diskasheni ni ya Kiswahili. Chukua swali la kugawa ziada ya chama cha msingi cha ushirika. Ikiwa zimebaki shilingi 2,000,000 baada ya kutenga akiba, na wanachama waliuza kilo 40,000 za pamba, kila kilo inapata shilingi 50. Aliyeuza kilo 300 anachukua 15,000. Mtoto wa mkulima wa pamba hulishika hilo mara moja. Kiongozi makini haishii hapo: humtaka kila mmoja alieleze upya kwa Kiingereza, maana ndicho kitakachosahihishwa.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 na kuanza masomo 1994, kina vituo Shinyanga na Geita. Wanafunzi wake wengi ni watu walio kazini, na anayefanya kazi kwa zamu hawezi kufika kituoni kila wenzake wanapokutana. Kwao kikundi cha WhatsApp kimekuwa darasa: swali hupigwa picha, jibu hurudi kwa sauti.

Udhaifu mkubwa uko kwenye madesa, yaani notisi zinazorithishwa mwaka hadi mwaka. Kosa likiingia humo hunakiliwa na kila kundi linalofuata, na linaweza kumfikisha mtu kwenye kudisko, yaani kuondolewa masomoni kwa kufeli. Mkufunzi akiyapitia madesa mara moja kila muhula, kosa hilo hukomea kwa kundi lililolianzisha.