Kinga inapogeukia figo

Sindromu ya hemolitiki-uremiki inayotokana na komplementi ni ugonjwa adimu ambapo kinga ya mwili hushambulia kuta za mishipa midogo ya damu. Damu huganda humo, chembe nyekundu hukatika vipande zikipenya, chembe sahani hupungua, na figo hufeli.

Komplementi ni kundi la protini za damu zinazosaidia kuua vijidudu. Mbelgiji Jules Bordet aliieleza kazi yake miaka ya 1890, akapata Tuzo ya Nobel ya 1919. Conrad Gasser, daktari wa watoto wa Uswisi, aliieleza sindromu ya hemolitiki-uremiki kwa jumla mwaka 1955, lakini chanzo cha aina hii kilibaki gizani hadi 1998, watafiti wa Newcastle, Uingereza, walipoonyesha kwamba baadhi ya familia zenye ugonjwa huu zina kasoro katika jeni ya fakta H, protini inayoizuia komplementi isiugeukie mwili wenyewe.

Ugunduzi huo ulifumbua fumbo lililowaumiza wengi: kwa nini figo ya kupandikizwa nayo iliharibika. Fakta H hutengenezwa na ini. Figo ilibadilishwa, kasoro ikabaki palepale.

Mpaka hapo tiba ilikuwa kubadilisha utegili wa damu na kusafisha damu kwa mashine. Mwaka 2011 Marekani na Ulaya ziliidhinisha eculizumab kwa ugonjwa huu, dripu ya kila wiki mbili inayofunga protini ya komplementi iitwayo C5. Mgonjwa huchanjwa dhidi ya meningokoka, kwa kuwa bila C5 ngao ya mwili hudhoofika dhidi ya homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria huyo. Ravulizumab, ya kila wiki nane, ilifuata 2019. Bei ndiyo kikwazo kikubwa: eculizumab ilizidi dola 400,000 kwa mwaka kwa mtu mzima mmoja.

Chini ya Mlima Meru, Arusha, kazi ngumu zaidi ni kuutambua ugonjwa huu. Utafiti wa Moshi uliochapishwa 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa takriban asilimia 15 ya watu wazima wa mjini, na 2 tu vijijini. Katika umati huo mgonjwa adimu hupotea kirahisi. Malaria kali, wanayokuja nayo watu wa tambarare kama Mto wa Mbu, nayo huvunja chembe nyekundu, hushusha chembe sahani na kuumiza figo. Kifafa cha mimba pia hufanana na ugonjwa huu. Hata hivyo, vipande vya chembe nyekundu huonekana kwa hadubini ya kawaida, na hapo ndipo shaka inapopaswa kuanzia.

Arusha huduma ya kusafisha damu ipo, na rufaa za kanda huenda KCMC, Moshi, umbali wa kilomita 80 hivi. Upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili mwaka 2017, kisha Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018, kwa figo za ndugu walio hai. Kwa ugonjwa huu, ndugu wa damu huyohuyo anaweza kuwa na jeni yenye kasoro ileile, na kutoa figo kunaweza kumwamshia ugonjwa yeye mwenyewe.