MIOME na Ngazi ya Shahada

Husemwa kwamba vijana wa Kenya hudharau kazi za mikono. Historia ya chuo kimoja cha Mombasa inanifanya nisite. MIOME (Mombasa Institute of Muslim Education), iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kuwapa vijana Waislamu ufundi, iligeuka taasisi ya ufundi 1966, politekniki 1972, na chuo kikuu 2013; kila badiliko likahesabiwa kupanda. Watetezi watasema nchi ilihitaji wahandisi wenye shahada, na stashahada hazikufutwa. Ni kweli. Lakini mwanafunzi wa kidato cha nne aliyeona hadhi ya ufundi ikipimwa kwa ukaribu wake na shahada hakuhitaji mwalimu wa unasihi kumweleza ngazi ya fundi bomba. Hata mfumo wa elimu wa 8-4-4 wa 1985, pamoja na useremala na ushonaji wake, uliacha mtihani ukichuja watu wa kwenda chuo kikuu.