Kufuli, Fundi na Mwenye Mali



Mwaka jana dada yangu alinipigia simu kutoka Arusha, mtaa wa Ngarenaro, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia. Mwanawe wa miaka 17 alikuwa amenunua makufuli manne sokoni kwa pesa zake, na kila akitoka shule hujifungia chumbani akiyafungua kwa vipande vya waya, pasina ufunguo. Jirani alimwona dirishani. Siku ya pili mtaa mzima ulikuwa ukisema kwamba katika nyumba ile analelewa mwizi. Dada alitaka mimi, mjomba mtu, nipande nikamkanye.

Nilipanda basi kutoka Tanga, na asubuhi ya pili, wakati Mlima Meru bado umejifunika mawingu yake, niliketi na kijana. Alinipa shikamoo, akanionyesha kazi yake bila ya kuficha kitu, nami nakiri kwamba nilikwenda kukanya nikakaa kujifunza.

Ndani ya kufuli la kawaida, msomaji wangu, mna kigogo cha shaba kinachozunguka, na juu yake safu ya vijiti vidogo, vinne au vitano, kila kimoja kimekatika vipande viwili na kusukumwa chini na springi. Ufunguo wa haki hunyanyua kila kijiti kwa kipimo chake, hata ile mikato yote ikaja mstari mmoja, na kigogo kikakubali kuzunguka. Lakini hapana fundi wala mashine iwezayo kutoboa matundu yaliyolingana kabisa. Ukikibana kigogo kidogo, kijiti kimoja hukaza kabla ya wenziwe. Hicho hunyanyuliwa mwanzo, kisha hufuata kingine. Mwanafunzi mpya hukosea kwa kubana mno. Mpwa wangu aliniambia kwamba wiki mbili za kwanza hakufungua hata moja, kwani alikuwa akitumia nguvu mahali panapotaka sikio.

Watu hudhani hili ni jambo la kizungu, kwa kuwa kufuli la namna hii lilisajiliwa na Mmarekani Linus Yale mwana mnamo 1861. Asili yake ni kongwe mno. Misri ya kale ilikuwa na komeo la mti lenye vijiti vinavyodondoka kwa uzito wao, na ufunguo wake ni kipande cha mti chenye meno ya kuvinyanyua. Hata karne ya 19 nyumba za Cairo zilikuwa zikifungwa hivyo. Naye al-Jazari, fundi wa wafalme wa Diyarbakir, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1206 alieleza kasha linalofungwa kwa visahani vinne vya herufi; asiyejua herufi zake halifungui.

Lakini mtu niliyetaka kijana amjue hasa ni mwingine. Sisi wa pwani ni watu wa madhehebu ya Imamu Shafi, na katika vitabu tunavyosoma hutajwa mara kwa mara jina la al-Qaffal. Wangapi kati yetu wamejiuliza maana yake? Qaffal ni mtengeneza makufuli. Namkusudia Abu Bakr al-Qaffal wa Marw, mji uliokuwa katika nchi iitwayo leo Turkmenistan. Asichanganywe na al-Qaffal mkubwa wa Shash aliyemtangulia. Ujana wake wote ulipita katika karakana. Imepokewa kwamba alipata kutengeneza kufuli pamoja na ufunguo wake, uzito wa vyote ukiwa punje chache tu. Alipokuwa na umri wa kama miaka 30 ndipo alipoketi kusoma fiqhi, umri ambao wengi wetu husema wakati umepita. Akawa mkuu wa wanavyuoni wa Kishafi wa Khurasan, akamsomesha Abu Muhammad al-Juwayni, baba yake Imamu al-Haramayn, akafariki mwaka 417 wa Hijra. Imesimuliwa pia kwamba mkono wake ulibaki na alama za kazi ile hata uzeeni, naye alikuwa akiwaonyesha watu na kuwaambia ni athari ya ujana wake. Hakuona haya.

Basi ufundi hauna aibu. Jirani naye alikuwa na neno lake, na ni neno zito: je, kumfundisha mtu udhaifu wa kufuli si kumpa mwizi ufunguo?

Swali hilo liliulizwa London mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu. Mmarekani mmoja, Alfred Hobbs, alilifungua mbele ya mashahidi kufuli la kampuni ya Chubb, linalotumia vibati vinavyonyanyuliwa na ufunguo badala ya vijiti, katika muda wa kama dakika 25. Kisha akaliendea kufuli la Bramah. Hilo lilikuwa limekaa dirishani miaka na miaka na ahadi ya gini 200 kwa atakayeliweza. Hobbs alilifanyia kazi saa 51, zilizogawanyika katika siku 16, likafunguka. Mji ulitaharuki, na wako waliosema mambo kama hayo hayafai kutangazwa. Kitabu kilichotoka mwaka 1853 kutokana na maarifa yake kiliwajibu kwamba wezi wanayajua hayo zamani, na asiyejua ni mwenye mali peke yake. Mafundi waliofedheheka walirudi karakanani wakatengeneza makufuli bora.

Mimi naliona jawabu hilo ni la kweli lakini ni nusu. Nusu ya pili ni mkono wa nani unaoshika ufunguo. Mtume (S.A.W.) alipoingia Makka mwaka wa 8 wa Hijra, ufunguo wa Al-Kaaba ulikuwa kwa Uthman bin Talha. Mji wote ulikuwa chini ya amri yake Mtume, na imepokewa kwamba wako katika jamaa zake waliotamani heshima ile. Akamrudishia Uthman ufunguo wake. Mpaka leo uko kwa Banu Shayba, ukoo wake. Na wanavyuoni wetu, walipoeleza hukumu ya wizi, waliweka sharti la hirzi, yaani mali iwe imehifadhiwa mahali pa kustahiki mali kama ile, kama nyumba iliyofungwa. Kufuli, kwa hiyo, hata likiwa dhaifu, lina maneno: linasema hapa pana mwenyewe.

Wenyeji wa Meru walilijua hilo bila ya chuma. Boma la ng'ombe la Kimaasai hufungwa kwa matawi ya miiba, nayo hayana ufunguo. Kijana nilimpeleka akaione boma nyingine pale mjini, ile ya Wajerumani iliyojengwa mwaka 1900 kwa kazi ya shuruti ya Waarusha na Wameru, ambayo leo ni makumbusho. Kuta nene zile zililinda nini, na kutoka kwa nani? Tuliketi nje tukazungumza mpaka adhuhuri.

Tuliporudi nilimwuliza masharti yake. Akasema hagusi kufuli lisilo lake, wala kufuli lililo kazini hata likiwa la mama yake, maana likiharibika nyumba italala wazi.

Basi nikamtolea sanduku la bati la marehemu baba yetu, lililokaa uvunguni mwa dada tangu mazishi. Ufunguo haukuonekana, na sisi warithi watatu tulikuwa tukiogopa kulivunja, kila mmoja asije akadhaniwa na mwenzake. Kufuli lake la shaba ni la vibati, si la vijiti, na kijana hakuwa amejifunza hilo. Siku ya kwanza alishindwa. Siku ya pili alimwita jirani yule yule aje akae kama shahidi, naye akaja, amekunja uso. Baada ya alasiri likalia.

Kijana alilitoa kufuli tumbuuni, akaliweka juu ya mkeka, akarudi nyuma hatua mbili. Mfuniko hakuugusa. "Mjomba," akasema, "ndugu yenu wa Pangani hayupo."

Dada akachukua simu kumpigia.