Cheo cha Neno: Donna, Femmina na Wenzao

Mwenye kutafuta neno la "mwanamke" katika kamusi ya Kitaliano atapewa donna, naye ataridhika. Sisi tufundishao lugha twajua kwamba kamusi hutaja maana, lakini aghalabu haitaji cheo.

Kilatini, mzazi wa Kitaliano, kilikuwa na femina na mulier kwa mwanamke, uxor kwa mke wa ndoa, na domina kwa bibi mwenye nyumba, mwenye kuamrisha watumwa. Warithi wake waligawana mali hiyo kila mmoja kwa namna yake. Wafaransa walishika femina, wakapata femme. Wahispania walishika mulier, wakapata mujer. Waitaliano walichukua cheo cha bibi, domina, wakakifupisha kuwa donna na kuwavika wanawake wote. Mulier likawa moglie, likabanwa katika ndoa tu, mfano wa "mke" wetu, na uxor likatoweka.

Femina nalo likawa femmina, likashuka. Katika Vita nuova, kitabu cha miaka ya 1290, Dante Alighieri aeleza kwamba shairi lake mojawapo limewaelekea donne walio waungwana, si wale walio femmine tu. Hata leo femmina ni neno lisilo na lawama mtu aulizapo mtoto aliyezaliwa ni wa kike au wa kiume, au azungumzapo habari za mifugo. Kumwita mtu mzima hivyo kwaweza kuwa dharau, kama vile kwetu kumwita mtu "jike".

Lakini donna nalo halikukaa kitini daima. Donna di servizio ni mtumishi wa nyumbani: jina la aliyeamrisha limemfikia anayeamrishwa! Heshima ikahamia kwa signora, neno litokanalo na Kilatini senior, yaani mwenye umri mkubwa zaidi. Asiyeolewa aliitwa signorina, kwa kiambishi cha udogo. Mwanamume mzima yu signore, ameoa au hajaoa. Signorino lilikuwapo, lakini ni watumishi waliomwita hivyo kijana wa bwana wao.

Wanawake wa Italia walipiga kura mara ya kwanza mwaka 1946, na mwaka 1976 Tina Anselmi akawa waziri wa kwanza mwanamke. Lugha haikuwa tayari kumpokea. Mwaka 1987 Alma Sabatini, katika kitabu kilichotolewa na ofisi ya waziri mkuu, alishauri signorina liachwe, na vyeo vipewe umbo la kike, kama ministra. Shabaha yake ilikuwa ya haki, kwa maoni yetu: segretario aweza kuwa kiongozi wa chama, ilhali segretaria huwaziwa kwanza mbele ya taipureta.

Kwetu "waziri" hana jinsia, hivyo huenda ubishi huo ukaonekana mdogo. Huko haujakwisha. Giorgia Meloni, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa Italia, aliposhika madaraka mwaka 2022 alichagua kuitwa il presidente, kwa umbo la kiume.