Ripoti za hitilafu za KenyaEMR

Ripoti za hitilafu za KenyaEMR ni taarifa ambazo watumiaji wa mfumo huo wa rekodi za wagonjwa huwapelekea watengenezaji wake pale programu inapokwama au inapotoa hesabu zisizolingana na rejista. Mfumo umejengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoasisiwa 2004 na kuanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Umuhimu wa ripoti hizi ni mkubwa hasa katika kaunti za Homa Bay na Migori, ambako KENPHIA, utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2018, ulikadiria maambukizi ya VVU kuwa asilimia 19.6 na 13.0, dhidi ya 4.9 nchini kote. Rekodi ikipotea huko, tiba ya mtu inayumba.

Kwa hiyo karani wa kliniki anayeripoti kosa ni mjenzi wa programu sawa na anayeandika msimbo. Wapo wanaopinga wakisema kwamba ripoti nyingi husema “haifanyi kazi” tu, na fundi hawezi kuirudia hitilafu. Ni kweli, lakini dawa ni kumuuliza karani toleo la programu, hatua alizofuata na matokeo aliyotarajia. Karani anahitajika kwa sababu msanidi aliye Nairobi haoni foleni ya wagonjwa wala umeme unaokatika katikati ya kuhifadhi. Pingamizi zito zaidi ni siri ya mgonjwa: picha ya skrini huweza kubeba jina lake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mara nyingi mgonjwa wa kubuni hutosha kuonyesha kosa. Asipotosha, kosa lichunguzwe kwenye kompyuta ya kituo chenyewe.